Lita Mia za Ewaso Ng'iro

Kila ugonjwa wa kuhara unapozuka katika Kaunti ya Isiolo, swali la kwanza huwa ni maji, na jibu la kwanza huwa ni chupa. Afisa wa afya ya umma hufika kisimani au kando ya silanga, hujaza chupa ndogo iliyotakaswa, huitia kwenye sanduku la barafu, na safari ya kwenda maabara huanza. Mililita 100 tu. Kipimo hicho kimeokoa maisha ya watu wasiohesabika duniani, na sina nia ya kukidunisha. Ninachotetea ni kwamba hapa kwetu, ambako watu 268,002 waliohesabiwa katika sensa ya 2019 wametawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, chupa hiyo imekuwa ikitupa faraja pasipostahili faraja. Tunahitaji kuchuja maji mengi, lita kwa makumi, palepale yanapotekwa, kwa mashine inayojiendesha yenyewe, kisha tupeleke maabara kile kilichonaswa. Miaka ya karibuni ya ukame, mafuriko na kipindupindu kaskazini mwa Kenya ndiyo iliyonifikisha kwenye rai hii. Najua ina gharama, na wanaoipinga si watu wa kubezwa.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ningependa kila mwakilishi wa wadi anayepitisha bajeti ya maji aifanye kwa mkono wake. Tuseme maji ya kisima fulani yana kimelea kimoja katika kila lita kumi. Chupa ya mililita 100 ni sehemu moja kwa mia ya lita hizo, kwa hiyo ukijaza chupa mia moja, takriban tisini na tisa zitakuwa hazina kitu. Karatasi itarudi imeandikwa kwamba hakuna kilichoonekana, na aliyeiandika atakuwa amesema kweli. Sasa tuwatazame wanywaji. Kijiji cha watu 500, kila mmoja akinywa lita mbili kwa siku, kinameza lita 1,000, yaani vimelea mia moja kila siku ya Mungu. Kila kimoja kati ya hivyo kina nafasi yake ya kuanzisha ugonjwa. Nafasi ndogo, lakini ipo. Kwa bakteria wa kipindupindu, ambao kwa kawaida huhitaji kuingia tumboni kwa maelfu au hata mamilioni, huenda kisitokee kitu. Kwa virusi vya rota, kwa Shigella anayeleta kuhara damu, na kwa kriptosporidiamu, kimelea chenye ganda, idadi ndogo sana hutosha. Na mtoto mmoja akishaanza kuhara, kinyesi chake humwaga vimelea kwa mamilioni, na mvua ya kwanza huvirudisha kwenye maji yaleyale. Basi chuja lita mia badala ya kujaza chupa. Ndani yake mna vimelea kumi. Hata kichujio na kazi inayofuata vikipoteza saba kati ya hivyo, kwa wastani vitabaki vitatu, na uwezekano wa kuvikosa vyote utakuwa kama tano kwa mia. Tunatoka kwenye kukosa mara tisini na tisa hadi kukosa mara tano, kwa maji yaleyale na siku ileile.

Tena hesabu hiyo imeyapendelea maji yetu, kwa sababu imechukulia kwamba vimelea vimesambaa sawasawa. Havisambai hivyo. Husafiri vikiwa vimeng'ang'ania tope na chembe za kinyesi, vikapita kwa mafungu. Ewaso Ng'iro huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita Laikipia na Archers Post, huelekea Merti na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Njiani hupokea maji ya miji, mashamba na mifugo. Kiangazi kikikaza, mto hukatika na watu huchimba mchangani. Mvua ikinyesha, hurudi na rangi ya kahawia nzito ukiwa umebeba kila kilichokuwa kimelala kwenye malaga, yaani mikondo mikavu ya maji. Nenda kwenye silanga yoyote mwezi wa Septemba uone: ng'ombe wameingia hadi magotini upande mmoja, ngamia wanasubiri zamu yao, na upande wa pili mama anakwangua maji kwa kikombe na kuyamimina kwenye mtungi wa njano wa lita ishirini, akiuzuia mdomo wa mtungi kwa pembe ya leso ili takataka zisiingie. Kuhukumu maji ya namna hiyo kwa chupa moja ni sawa na kuhesabu ng'ombe wa bonde zima la Ewaso Ng'iro kwa kuchungulia boma moja.

Kutajwa kwa mifugo kunatuleta kwenye ushahidi unaopaswa kutushughulisha zaidi. Utafiti mkubwa wa magonjwa ya kuhara kwa watoto uliochapishwa mwaka 2013 ulifanywa katika vituo saba barani Afrika na Asia, na kimojawapo kilikuwa Siaya, magharibi mwa Kenya. Ulipotafuta ni nini hasa kinachowaharisha watoto vibaya, vimelea vichache vilijitokeza mbele kuliko vingine: virusi vya rota, kriptosporidiamu, aina moja ya bakteria wa E. koli wenye sumu, na Shigella. Kriptosporidiamu ndiye aliyewashangaza wengi, kwani hadi hapo alihesabiwa zaidi kuwa tatizo la watu wenye UKIMWI na la ndama. Siaya si Isiolo, nakubali. Lakini anayefikiri kwamba kimelea kinachokaa ndani ya ndama kitakuwa haba katika kaunti ya wafugaji, ambako mtu na mnyama hunywa kwenye ukingo mmoja, yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi la wataalamu wa maji, na ni zito. Hatuhitaji kutafuta kila kimelea, husema. Tunatafuta E. koli, bakteria anayeishi matumboni mwa watu na wanyama. Akiwepo, kinyesi kimeingia majini. Asipokuwepo katika mililita 100, kama mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unavyotaka, maji yanafaa. Ni njia rahisi na ya bei nafuu, na matokeo hupatikana kesho yake. Kwa kuonyesha kwamba maji ni machafu, naikubali bila shida. Kwa kuonyesha kwamba ni salama, ina pengo, na pengo hilo lilionekana waziwazi katika jiji la Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Mtambo wa kusafisha maji ulikuwa ukifanya kazi, klorini ilikuwa ikitiwa, vipimo vya bakteria vya kawaida vilikuwa vizuri, na kilichoonekana ni ukungu kidogo tu kuongezeka kwenye maji. Wakati huohuo kriptosporidiamu alikuwa akipita kwenye mabomba. Watu waliougua walikadiriwa kuwa 403,000. Klorini ilimuua E. koli na kumwacha kriptosporidiamu akiwa hai, kwa kuwa ganda lake halisikii dawa hiyo kwa viwango vya kawaida. Ndiyo maana wanaomtafuta huanza kwa kuchuja lita kumi au zaidi. Kama jiji tajiri lenye maabara kila upande lilidanganywa na kipimo hicho, sisi tunaotia klorini kwenye boza la maji na kuondoka tuna sababu gani ya kujiamini?

Kichujio ninachokisemea si kitu cha ajabu. Ni bomba la plastiki linaloonyesha ndani, refu kama mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, na ndani yake mna maelfu ya nyuzi nyeupe nyembamba kama unywele, kila uzi ukiwa na uwazi katikati. Ni kichujio kilekile kinachosafisha damu ya wagonjwa wa figo hospitalini. Kuta za nyuzi hizo zina vitundu vidogo kiasi kwamba maji na chumvi hupita, lakini bakteria, virusi na vimelea vyenye ganda hubaki. Mwaka hadi mwaka watafiti wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani na wengineo wameonyesha kwamba ukiziba mlango mmoja na kuyalazimisha maji yapenye kwenye kuta, unaweza kupitisha lita mia moja katika bomba moja. Kisha unageuza mkondo: unasukuma nyuma kiasi kidogo cha maji yenye sabuni laini, na vilivyonaswa vinabanduka na kutoka. Ulianza na mitungi mitano ya lita ishirini na umemaliza na chupa isiyofika lita moja. Chupa hiyo ndiyo inayostahili barafu na nauli ya kwenda maabara. Faida ya kanuni hii ni kwamba haichagui. Bakteria, virusi na kriptosporidiamu hunaswa pamoja, na uamuzi wa kutafuta kipi unaweza kufanywa baadaye.

Kwa nini basi mashine ijiendeshe, wakati kijana mwenye pampu ya mkono anaweza kuyasukuma maji hayo? Kwa sababu kazi hii ni ya kuchosha na inadai usawa ambao mkono uliochoka hauna. Maji ya Ewaso Ng'iro baada ya mvua huziba kichujio. Msukumo ukizidi, nyuzi hupasuka na vimelea hupita bila mtu kujua. Ukipungua, lita mia huchukua siku nzima, na jua la Merti huyachemsha maji yaliyobaki kwenye bomba. Mashine hupima msukumo kila sekunde, hupunguza kasi tope linapojaa, huandika ni lita ngapi zimepita na kwa saa ngapi, na hufanya usuuzaji wa nyuma kwa kiasi kilekile kila mara. Shirika la mazingira la Marekani na Maabara ya Taifa ya Idaho walitengeneza mtambo wa aina hii kwa ajili ya kulinda maji ya miji, na lengo lilikuwa hilohilo: anayechukua sampuli asilazimike kuwa bingwa wa maabara. Kwetu faida inaongezeka. Mtu akiniambia maji ya Kinna ni mabaya kuliko ya Garba Tulla, nataka kujua kwamba tofauti hiyo imetoka kwenye maji, haikutoka kwenye misuli ya waliopiga pampu.

Na si kweli kwamba kuchuja ili kukusanya vimelea ni jambo geni Kenya. Tangu mwaka 2013 maji taka ya Nairobi yamekuwa yakichunguzwa kutafuta virusi vya polio, na mwezi Machi 2018 vilipatikana katika sampuli iliyotoka Eastleigh, pasipo mtoto yeyote wa mtaa huo kuwa amelemaa. Chanjo ilitangulia ulemavu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Marekani walijaribu jijini humo mfuko unaoning'inizwa, wenye kichujio chini yake, ambamo lita kadhaa za maji taka hupita kwa uzito wake zenyewe badala ya kubebwa nusu lita kama ilivyokuwa desturi. Eastleigh iko karibu nasi kuliko ramani inavyoonyesha: maziwa ya ngamia ya Isiolo hunywewa huko kila siku, na magari yanayoyapeleka hurudi na watu. Lakini mfano huo una sharti lake. Ulifanikiwa kwa sababu nyuma ya sampuli palikuwa na maabara iliyokuwa ikisubiri, na nyuma ya maabara palikuwa na chanjo. Mfuko peke yake usingezuia kitu.

Sharti hilo ndilo kiini cha pingamizi linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi, nami naliheshimu: mashine hufa. Kaunti yetu imejaa mabaki ya nia njema, jenereta zisizo na mafuta na pampu zilizokosa kipuri kimoja. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mkataba wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa ajili ya kaunti zote, na Seneti ilipochunguza baadaye ilionekana kwamba baadhi ya mashine zilikaa bila kutumika kwa kukosa umeme, maji au wataalamu. Kwa nini mashine ya kuchujia maji iwe na bahati njema zaidi? Jibu langu ni kwamba lazima tupunguze kile tunachokiomba mashine. Isipime vinasaba, isitume ujumbe, isiwe na kioo cha kuguswa. Isukume maji, ipime msukumo, ihesabu lita, isuuze, izime. Kazi hiyo inahitaji pampu ndogo, vali chache na betri inayochajiwa kwa sola, vitu ambavyo mafundi wanaotengeneza pampu za visima Isiolo wanavifahamu tayari. Ikifa, kichujio kilekile kifungwe kwenye pampu ya mkono na kazi iendelee, kwa usahihi mdogo zaidi lakini iendelee. Mkataba wowote usiosema nani ataleta vichujio mwaka wa tatu usitiwe saini. Kama kaunti haiwezi kuahidi hilo, basi nami niko upande wa wapinzani: isinunuliwe.

Wengine husema fedha hizo zitiwe kwenye klorini na vyoo, kwa kuwa tunajua tayari kwamba maji ni machafu. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya kufufua kisima kilichokufa na kununua kichujio, ningefufua kisima. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa kunyesha, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba kukosa maji huua haraka kuliko maji mabaya. Lakini hoja ya klorini inachukulia kwamba adui ni mmoja. Pale palipo na bakteria wa kipindupindu, klorini ni dawa tosha. Pale palipo na kriptosporidiamu, mama anayetia dawa kwa uaminifu kila jioni anapoteza dawa yake. Anachohitaji ni maji yaliyochemshwa, na kuni si bure, au kuwatenga mifugo na mahali pa kuteka. Bangladesh inatufundisha hapa. Kazi ya miaka mingi ya mwanasayansi wa bakteria Rita Colwell na wenzake, waliochuja maji na kutazama kilichonaswa, ilionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu hushikamana na vijidudu vidogo vya majini. Kwa kujua hivyo, waliwashauri akina mama wa vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kikipungua karibu nusu. Kitambaa hakikugharimu kitu. Kilichogharimu ni kujua. Hapa Kenya, mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Kiambu Oktoba 2022 uliigusa nusu ya nchi, wakiwemo jirani zetu wa Garissa na Wajir. Ulipita wagonjwa 12,000 na kuua watu wapatao 200, na muda wote huo dawa zilipelekwa zaidi kule wagonjwa walikokwisha kuonekana.

Pingamizi la mwisho linatoka ndani ya maabara. Kipimo cha PCR huona vinasaba vya kimelea hata kama kimekufa, kwa hiyo tunaweza kutisha watu kwa mizoga. Ni kweli. Kweli pia kwamba kuotesha bakteria kwenye sahani hukosa walio hai: Colwell huyohuyo na wenzake walionyesha mwaka 1982 kwamba bakteria wa kipindupindu wanaweza kukaa majini wakiwa hai bila kukubali kuota. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha, na hiyo ni sababu nyingine ya kukusanya vimelea kutoka kwenye maji mengi, maana kilichonaswa kinaweza kugawanywa: sehemu ioteshwe, sehemu ipimwe vinasaba, sehemu itazamwe kwa hadubini. Chupa ya mililita 100 haigawanyiki hivyo.

Lililo gumu zaidi ni la kijamii. Ukiwaambia watu wa kijiji kwamba kisima chao pekee kina kimelea, umewapa nini? Wamarekani wa Milwaukee walinunua maji ya chupa. Mfugaji wa Sericho hana duka la maji hayo. Matokeo yanayokuja bila hatua ya kuchukua yataleta hofu na kutoaminiana, pengine hata lawama kwa ukoo fulani au kwa wageni waliohamia na mifugo yao. Kwa hiyo matokeo yasitue kwanza mezani pa afisa mjini. Waborana wana mpango wao wa kusimamia maji tangu zamani: aba herega ndiye anayepanga zamu za kunywesha, nani aanze na nani afuate, na neno lake kisimani lina uzito ambao barua ya wizara haina. Yeye na kamati ya maji wakubaliane kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa: kikionekana kipindupindu, klorini itatiwa na nani, kikionekana kriptosporidiamu, mifugo itanyweshwa upande gani na uzio utajengwa kwa gharama ya nani. Mahali pasipo na makubaliano hayo, mashine isipelekwe.

Ya kwanza ningeiweka Merti kabla ya mjini Isiolo, kwani mjini kuna kampuni ya maji na bomba lenye klorini, ilhali Merti mto ndio kila kitu na mvua ikikolea barabara hukatika. Na sampuli za kwanza zichukuliwe Januari na Februari, wakati ambapo hakuna mlipuko na hakuna anayeuliza, mara kadhaa mahali palepale, ili ijulikane maji ya Ewaso Ng'iro huwaje siku za kawaida. Bila rekodi hiyo, kitakachonaswa Aprili mvua ndefu zikianza hakitakuwa na cha kulinganishwa nacho.